Pointi Mia Saba na Arobaini

Atuganile wa kaunta namba mbili
alinisukumia chupa kwa vidole viwili,
kama mtu anayerudisha noti iliyochanika.
"Mama, umezila pointi zako zote.
Kadi sasa inasoma sifuri. Hongera."

Nikashuka nayo Miyomboni, imeviringishwa gazeti,
nimeipakata kama mtoto wa mwenzangu.

Hesabu naijua.
Miaka kumi na tisa nimeshika vitabu vya ushirika wa alizeti.
Elfu moja, pointi moja:
basi laki saba na elfu arobaini
zimepita kwenye ile droo yao inayolia.
Bei ya chupa, pale rafuni, elfu ishirini na mbili.
Haya.
Ila sukari yao imeizidi ya sokoni kwa mia mbili,
mche wa sabuni kwa mia tano,
na mchele, mchele nisiuseme,
niliununua nikijua.
Nikapiga, nikarudia kupiga, nyuma ya kalenda ya parokia:
elfu tisini nimewaachia.
Chupa nne hizo, na buku mbili ya ulanzi juu yake.
Rahisi huvunja upishi. Ya bure je, huvunja nini?
Haba na haba, tulifundishwa, hujaza kibaba.
Hatukuambiwa kibaba cha nani.

Evaristo hana neno.
Analeta bilauri zilizobaki kwenye harusi ya Yustina,
moja ina ufa, anajiwekea yeye.
Kizibuo hatuna. Nani Kihesa hii ana kizibuo?
Anakididimiza kizibo kwa mpini wa mwiko,
kinazama ghafla,
divai inamrukia shati la kwaya.
Tunakunywa, tunatemea vipande kiganjani.
"Kali," anasema.
"Siki ya kachumbari," nasema.
Anamimina tena.

Ndipo anauliza:
"Hizi pointi tulizipata wapi,
sisi watu wa sukari kilo mbili?"

Kopo la risiti liko juu ya kabati.
Nalimwaga mezani.
Nyingi zimefifia, nyeupe pe, kama hatukununua kitu.
Nyingine zinasomeka ukizisogeza kwenye taa:
glukosi, glukosi,
glovu boksi moja,
nepi za watu wazima pakiti tatu.
Machi, nepi. Aprili, nepi, sabuni ya maji, nepi.
Saa tatu usiku, saa nne kasoro,
sokoni wamekwisha funika meza zao na maturubai,
na haja ya mgonjwa haina saa.
Juni inakatika tarehe kumi na moja.
Tarehe kumi na tatu: mchele kilo arobaini,
majani ya chai, mishumaa.
Kisha sukari, kilo mbili.

Kumbe tunakunywa ya mama.
Yeye aliyengoja masika apate mtogwa,
akaunywea kikombe cha bati kilichobonyea,
povu likambaki mdomoni asilifute.
Angeiona hii chupa na picha yake ya ngome
angesema: hawa wanaomwogopa jirani, pombe yao itakuwaje tamu?

Evaristo amekusanya risiti, amezirudisha,
zile nyeupe pia.
"Kwa hiyo imelipa, haikulipa?"
Ananiuliza mimi, mtu wa vitabu.
Nina safu ya kuingia, nina safu ya kutoka.
Nikamwambia mimina, usiku umeingia baridi.

Asubuhi nilirudi pale, chumvi imetuishia.
Sokoni ni karibu zaidi. Najua.
"Kadi, mama?" anasema Atuganile,
na mkono wangu, bila kuniuliza,
umekwisha ingia mkobani.
Chumvi ya mia tano.
Mashine ikawaza kidogo,
ikaandika sifuri.